Mabehewa Sita ya Shekuwe

Bi Barke aliyaleta ndani ya kapu la sokoni,
yamefungwa leso kuukuu, moja moja, kama mayai.
"Ya ndugu yangu. Alikuwa mpishi melini.
Kila akenda Hamburg, hurudi na moja.
Sasa Twalib kanunua reli, na hayendi."

Twalib, miaka kumi na mitatu, yuko nyuma yake,
duara la reli kwapani.
Tukalitandaza mezani kwangu, hapa Bondeni,
tukazisukuma kando redio nne zinazongoja spika.
Akaweka injini: ikazunguka, ikapita nyuma ya birika.
Akaweka behewa moja tu, jekundu.
Transfoma ikanguruma, kitaa chake kikazima,
injini ikasimama
kama mtu aliyeitwa jina asilolitaka.

Shoti.

Nikaligeuza behewa chali.
Tumboni lina kijiko cha bati
kilichozoea kulamba umeme katikati ya njia.
Huko lilikotoka, nikamwambia kijana,
reli ya kushoto na ya kulia ni baba mmoja mama mmoja;
gurudumu liguse huku, liguse kule, hapana neno.
Hizi zako ni wake wenza:
huyu chanya, huyu hasi,
na ekseli hii ya chuma ndiyo inayobeba maneno
kutoka chumba hiki hadi kile.

Bi Barke akacheka. Akakohoa. Akaacha kucheka.

Basi nikaanza. Bisibisi ya saa, koleo, pumzi nimeizuia.
Kijiko nikakibandua, kikaacha tundu mbili kama za pua.
Ekseli za zamani zikatoka kwa kubanwa kidogo,
mpya zikaingia: chuma, ila upande mmoja
kikonyo cha plastiki, chembamba kuliko ukucha wa mtoto,
kimekaa kati ya gurudumu na ekseli
na kazi yake ni kukataa.

Marehemu baba alikuwa mgonga magurudumu, Changamwe.
Usiku alipita na nyundo yake ndefu chini ya mabehewa,
akigonga, akisikiliza. Zima hulia. Lenye ufa hunong'ona.
Nami nikaligonga hili kwa ncha ya kalamu.
Halikulia wala halikunong'ona.
Sikujua ningemwambia nini.

Taa ndizo zilizonila siku mbili.
Umeme wa kule hugeuka geuka wenyewe;
huu wa Twalib hugeuka pale tu treni inaporudi nyuma,
na taa hizi ndogo hazipendi kurudi nyuma.
Nikalehemu dayodi nne, zimeshikana mikono,
umeme uingie kwa mlango wowote, utokee mmoja.
Nikaongeza kapasita, isipepese penye vumbi.
Behewa la pili nililiunguza paa. Nimelipaka rangi.
Ukilitazama sana utaona.

La tano nilikuwa nimelifunga tayari
nilipolijaribu gizani, mlango wa duka nusu.
Madirisha yakawaka manjano, na ndani, meza za kulia,
na mwisho wa meza mtu mdogo wa plastiki
aliyepakwa upya kwa brashi ya unywele mmoja:
aproni nyeupe, mikono ya kahawia,
kofia ya viua, wallahi, yenye nukta zake.

Sikumpigia simu Bi Barke. Nilingoja aje.

Alhamisi alikuja na kapu lile lile.
Ekseli za zamani nimemtilia kwenye kopo la halua,
akitokea mwenye reli za kule, zitarudi mahali pake.
Twalib akaunga yote sita. Nikazima taa ya duka.
Yakapita nyuma ya birika, yakatokea,
jekundu, lile la paa langu la aibu, mawili ya kijani,
na la tano.

Bi Barke akainama mpaka pua yake ikakaribia reli.
Likapita. Akangoja. Likapita tena.
Wa sita sijui kama aliuona.

Twalib alikuwa akizungusha kitasa, treni ikikimbia.
"Punguza mwendo wewe," akasema, bila kuinua kichwa.
"Huoni ana sufuria motoni?"